Wiki Tisa za Bezawit

Huku kwetu kijana akipata barua ya kwenda kusomea udaktari, anaitwa Daktari siku hiyohiyo. Hajafungua kitabu, hajui hata mlango wa wodi unafunguka upande gani, lakini muuza vitunguu anamwita Daktari na jirani anamletea goti lake alitazame. Bezawit, binti wa Mzee Demelash mwenye kinu cha kusaga teff, nafaka ya mkate wetu wa injera, alianza kuitwa hivyo akiwa na miaka kumi na minane. Alikuwa anaona haya sana. Baba yake hakuona haya hata kidogo. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na mngurumo wa kinu, kwa hiyo hana sauti ya chini, na mtaa mzima ulikuwa unajua ratiba ya mtoto. "Daktari wangu amepita hapa? Mwambieni aje ale, injera inapoa!"

Mimi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta, na pia ni karani katika ofisi ya msajili wa chuo chetu, hiki kilichoko juu ya mji. Mafaili ya wanafunzi yamepita mikononi mwangu kwa miaka ishirini na miwili. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani mimi katika habari hii nilikuwa mtazamaji.

Wanafunzi wetu hupiga picha ya joho mwezi wa Tir, yaani Januari, ilhali mahafali ni Hamle, yaani Julai. Mpiga picha anakuja na majoho mawili yaliyochakaa na kofia moja, kila mtu anavaa, anatabasamu, anavua, anampa mwenzake. Unasherehekea kitu miezi sita kabla hujakipata, na hakuna anayeona ajabu. Bezawit naye alipiga. Baba yake akaitia fremu ya dhahabu, akaitundika sebuleni juu ya redio. Watu walikuja, wakanywa kahawa raundi zote tatu, wakapongeza. Mimi pia nilipongeza.

Mwezi wa Ginbot Bezawit alikufa. Alikuwa mwaka wa mwisho, ule ambao mwanafunzi hakai tena darasani, anafanya kazi wodini usiku na mchana, na mgonjwa mmoja akamwambukiza homa ya uti wa mgongo. Aliugua siku tatu tu. Alikuwa amebakiza wiki tisa kumaliza.

Hema la msiba lilisimama siku tatu, chama chetu cha mazishi kikaleta mabenchi na masufuria kama kawaida. Wanawake walijipiga vifua, mama wa marehemu, Yeshimebet, akaishiwa sauti. Mzee Demelash alikaa kwenye benchi, shuka jeupe mabegani, mikono magotini, na hakutoa chozi. Siku ya nne akawasha kinu. Watu walisema maneno mengi. Mimi nilisema moyoni kwamba mzee huyu ana moyo wa jiwe. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ukikaa karibu na kile kinu husikii pole ya mtu yeyote, na yeye alikuwa ameshazisikia za kutosha.

Wiki ya tatu nikamwona dirishani kwangu ofisini, unga kwenye nyusi.

"Nimekuja kuchukua karatasi ya Daktari," alisema. Foleni nzima ilisikia.

"Karatasi gani, baba yangu?"

"Ya kumaliza."

"Afadhali nife mimi kuliko kukuambia, baba. Hakumaliza."

"Zilibaki wiki tisa. Toa wiki tisa kwenye miaka saba. Si bado ni mingi?"

Nikamweleza. Sheria yetu inasema shahada anapewa aliyekamilisha, na haijasema kitu chochote kuhusu aliyefariki. Nilieleza vizuri, nina uzoefu wa kueleza. Hakubisha. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Ile picha imetangulia. Mama yake ameifunika kitambaa. Anasema inamwongopea mtoto, inasema kamaliza na hakumaliza. Karatasi ikija, ataifunua. Nataka aifunue tu, mwanangu. Hatuwezi kukaa na picha iliyofunikwa."

Akarudi Jumanne iliyofuata, siku anayosimamisha kinu ili kuchonga mawe yake. Na Jumanne nyingine. Hakusihi, hakugomba. Anakaa kwenye benchi la ukumbini mpaka saa sita, ananiaga, anaondoka. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Mwezi wa Sene, mahafali yakiwa yamebakiza mwezi mmoja, baraza la chuo likapitisha kumpa Tolosa Gudeta udaktari wa heshima. Tolosa ni mkimbiaji wa mbio ndefu, mtoto wa mkoa huu, medali zake hata bibi zetu wanazijua kwa mpangilio. Habari zilifika ofisini wakati wa kahawa, na kazi ikasimama.

"Nawaambia mapema," alisema Haymanot, mpiga chapa wetu, "nitapiga naye picha, na atakayenisukuma tutajuana."

"Udaktari wa nini sasa?" aliuliza Zerihun wa idara ya malipo. "Wa miguu?"

"Na wewe uliyesoma umeiletea nchi medali gani? Ngazi hizi tu unazipanda unahema kama ng'ombe."

"Mimi sijakataa mbio zake, dada. Wampe barabara, wampe uwanja. Mwenzake anasoma mpaka macho yanaingia ndani, halafu huyu anapewa karamuni, kati ya supu na nyama!"

"Wivu, kaka. Wivu mtupu. Wanasoma elfu mbili kila mwaka, wewe taja jina la mmoja."

Walinigeukia mimi niamue. Nikasema kahawa imeungua. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijali. Vyeti vya heshima nilivijaza mimi kwa mkono, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, na nilishajaza cha mwimbaji, cha mwigizaji wa vichekesho, na cha mkandarasi mmoja aliyetujengea geti. Kila safari nilikuwa naandika jina, nakausha wino, nakwenda kula. Ukikaa na vyeti miaka ishirini na miwili, unaviona kama mhudumu wa hoteli anavyoona sahani.

Jumanne hiyo Mzee Demelash alikuwa ameshasikia redioni.

"Huyu Tolosa alisoma hapa lini?"

"Hakusoma, baba. Ni ya heshima. Wanampa kwa sifa zake."

"Hakusoma hata wiki tisa?"

"Hata moja."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. "Basi inawezekana," alisema. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi lake.

Neno hilo lilinichoma kuliko kama angepasua kioo cha dirisha. Jioni hiyohiyo niliandika barua kwa mkuu wa chuo, kurasa mbili, na kesho yake nikaipeleka mwenyewe. Mkuu wetu si mtu mbaya. Aliisoma akiwa amevua miwani, akairudia.

"Etaferahu," aliniambia, "shahada ya masomo siwezi. Wakaguzi watatumaliza. Lakini ya heshima baraza linaweza kumpa yeyote linayemtaka. Tumpe binti huyu ya heshima, siku ileile ya mahafali, mbele ya watu."

Nilishuka ngazi zile kwa furaha, nakiri. Nilihisi nimefanya jambo. Nikakijaza cheti cha Bezawit usiku huohuo nyumbani, herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, baraza likapitisha bila kubisha, na Mzee Demelash nilipomwambia alisema tu, "Haya." Nikadhani ni shukrani.

Siku ya mahafali mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika saa tatu. Tolosa alipovishwa joho jekundu uwanja mzima ulisimama, vigelegele mpaka ng'ambo ya mto, wanafunzi wanapiga kelele "Daktari Tolosa! Daktari Tolosa!" Ni kijana mwembamba, mpole, mabega yamepotea ndani ya joho. Hotuba yake ilikuwa fupi mno. Kisha msemaji akataja jina la Bezawit Demelash, na watu wakanyamaza, wengine wakalia. Mzee alipanda jukwaani na shuka lake jeupe, safari hii amenawa unga wote. Akapokea kwa mikono miwili, akainama, akateremka.

Waliketishwa jirani, yeye na Tolosa, na mimi nilikuwa nyuma yao na bahasha. Nilimsikia mkimbiaji akimwinamia sikioni.

"Baba, mimi nina aibu. Niliishia darasa la sita. Wamenipa, nimeogopa kukataa."

"Nini?"

Ilibidi apaze sauti. "Nimeishia darasa la sita, baba!"

"Lakini ulikimbia," alisema Mzee Demelash kwa ile sauti yake, na safu tatu zikageuka. "Nilikuona kwenye televisheni. Ulikimbia kweli. Wangekupa karatasi ya kukimbia."

Tolosa akainamisha kichwa. Hakukasirika. Alitazama joho lake kama mtu aliyeazimwa nguo kwa ajili ya harusi, na sherehe ilipokwisha hakungoja picha za kina Haymanot.

Nilidhani yamekwisha. Nilirudi nyumbani, nikala, nikalala vizuri.

Kesho yake saa nne asubuhi, na haikuwa Jumanne, Mzee Demelash alisimama dirishani. Alikuwa na kile cheti, na pembeni pake pameshaingia alama ya kidole chenye unga. Akakisukuma kwangu kupitia uwazi wa kioo.

"Mke wangu Yeshi amekataa," alisema. "Tulikitundika jana jioni. Alikitazama, akaniuliza biokemia iko wapi."

"Biokemia?"

"Mwaka wa pili alianguka biokemia. Hujui? Hakula siku nne. Mama yake alimlisha kwa mkono kama mtoto. Akarudia, akasoma usiku kucha na miguu ndani ya beseni la maji baridi asisinzie, akapita. Mimi sikulijua hilo somo ni nini, lakini nilijua jina lake." Akagonga cheti kwa kidole. "Hapa haimo. Hapa kapewa tu. Yeshi anasema mtoto wake hakupewa kitu na mtu."

Nilitazama herufi zangu nzuri.

"Nipe ile yenye biokemia," alisema.

Orodha ya alama anapewa mwanafunzi mwenyewe, akiwa na kitambulisho, na anatia sahihi kwenye daftari. Niliingia kwenye kompyuta, nikaitoa, kurasa tatu. Kwenye daftari, mahali pa sahihi, niliandika kwamba mhusika amefika mwenyewe. Nikapiga muhuri. Sikuhisi hofu wala ushujaa, mkono uliandika tu.

Hakuondoka nayo. Alianza kuisoma palepale, kwa kidole, kwa sauti yake ya kinu, mstari kwa mstari, foleni nyuma yake ikisikia yote. Fiziolojia, B. Anatomia, B na alama ya kujumlisha. Biokemia, F. Biokemia, kurudia, C. Mwaka wa tatu, wa nne. Watoto, A. Akina mama wajawazito, A. Mwaka wa mwisho, wodi tano zina alama, ya sita imetiwa mstari mtupu.

"Hapa?"

"Haijakamilika, baba."

"Ndiyo," alisema. "Ni kweli."

Kidole kikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wa tatu, kwenye hali ya mwanafunzi. Akasoma mara mbili. Kisha akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu Ginbot niliona uso wake umebadilika.

"Amejiondoa?"

Nilikuwa nimeandika mimi. Wiki ya msiba, asubuhi niliyotoka hemani kwao kuja kazini, mashine iliniuliza sababu ya kufunga faili, na imepewa majibu matatu tu: amefukuzwa, amehama, amejiondoa. Nilichagua lile lililoonekana pole kidogo, nikafungua faili lililofuata.

"Hakujiondoa," alisema Mzee Demelash. Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ndogo, sikujua kama anayo.

"Hapana, baba. Hakujiondoa."

Nikaichukua ile karatasi. Nikalikata neno kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika kwa mkono: amefariki akiwa kazini. Nikatia sahihi yangu na tarehe, nikapiga muhuri juu ya wino ambao haujakauka, ukachafuka kidogo. Alingoja ukauke. Aliupuliza mwenyewe.

"Sasa ndiye yeye," alisema, akazikunja zile kurasa ndani ya shuka, upande wa kifua, akatoka.

Nyuma yake alikuwapo kijana anayetaka barua ya uhamisho. Aliniambia jina lake mara mbili. Nilifunga dirisha nikiwa nimeketi pale, saa nne na nusu asubuhi, foleni ikiwa imefika ukumbini, nikalia kwa sauti mpaka Haymanot akaja kunishika.