Kaka Yangu Chini ya Blanketi

Kabla ya korona, mtaani kwetu Ilembo wanawake tulitangaza kujiua kama watu wanavyotangaza harusi. Jirani akigombana na mumewe, anasimama bombani: "Nyie, leo mtanizika!" Tunamtua ndoo, analia, tunalia naye, kisha akiondoka tunamsengenya. Wengine hawakuwa wanatania, na kelele hizohizo ndizo zilizotufanya tuwawahi. Wanaume hawakutangaza kitu. Wawili walijiua, na wote wawili tulipowasalimia siku moja kabla walijibu, "Safi tu." Msibani wazee wakasema mwanaume hulilia moyoni. Nilikuwa napakua wali, nikatamani kuwamwagia.

Korona ilipoingia, shule zikafungwa. Kaka yangu, mwalimu wa shule ya binafsi hapa Mpanda, aliendelea kupiga pasi shati kila asubuhi na kukaa barazani, kalamu mfukoni, kuku wakimzunguka. Tukawaita kuku wale darasa la saba. Tulicheka sana. Naona aibu hadi leo.

Siku moja wifi akanipigia simu: kaka hataki kula, macho mekundu, sauti imekauka. "Ni korona hii, wifi. Njoo tumfukize."

Siku hizo dawa ya kila kitu ilikuwa sufuria ya mwarobaini na mchaichai, mgonjwa kaiinamia, blanketi juu. Tukamfunika. Maji yakapoa, yeye hatoki. Nikajitosa humo kwa hasira, nikidhani amesinzia.

Alikuwa analia, makamasi mpaka kidevuni.

"Ni mvuke," akasema.

"Mvuke umeisha, kaka."

Akajifuta makamasi kwa pindo la blanketi. Kisha akasema, "Mdogo wangu, nataka kufa. Nimeshapanga na siku."

Niliogopa. Nikamshika mkono. Wifi alipouliza kulikoni, nikamwambia achemshe maji mengine, mgonjwa ana hali mbaya. Hapo sikudanganya. Tulikaa humo hadi akayasema yote, tukilowa jasho wawili. Tulipotoka tulimweleza wifi, na siku hiyohiyo tukampeleka hospitali, yeye akinung'unika njia nzima kwamba tunamwaibisha.

Korona ilipita, na kaka anafundisha watoto badala ya kuku. Ila kila baada ya miezi michache simu yangu inaita: "Mdogo wangu, mafua yamenibana."

Sijawahi kumsikia akipiga chafya. Naepua mboga, nachuma mwarobaini, nabeba blanketi kubwa, lile la kutosha watu wawili.