Nilimrudishia Kambo Mahari Yake

Kuna siku moja inanichekesha hata nikiwa peke yangu, mwanangu, na ndiyo nataka nikusimulie. Hujazaliwa bado. Baba yako simjui, na tukikutana leo hapa Likasi nitaangalia viatu vyangu tu, maana nina haya sana na bado niko sekondari. Lakini Kambo, babu yangu mzaa baba, ameniambia: "Weye, usingoje kuzeeka. Andika sasa vile utaambia batoto yako." Basi leo mimi ndiye mzee. Kaa, usikilize.

Kambo alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba mpaka mishahara ikaacha kuja. Wengine walishika koleo wakaenda kuchimba madini. Yeye akafuga kuku nyuma ya lupango wetu, yaani kiwanja cha nyumba. Sokoni walikuwa wanauza vidonge kimoja kimoja, vimekaa juani, vile vya rangi mbili, nyekundu na njano. Kambo alifungua kimoja, akamwaga unga wake katika maji ya kuku ili wasife. Kingine alikimeza mwenyewe kwa ajili ya tumbo lake. "Kuku na minye tuko na docteur moja," alisema, yaani yeye na kuku wana daktari mmoja.

Kwetu mjukuu na babu ni watani, nawe utayaona. Aliniita "bibi yangu", yaani mke wake, na nilipofaulu kuingia sekondari alinipa kuku mweusi, akatangazia majirani kwamba ndiyo mahari. Baba hawezi kumuuliza baba yake habari ya choo. Mama ni mkwe, hata suruali ya Kambo hawezi kuigusa. Kwa hiyo nguo zake nilizifua mimi.

Mado, mdogo wangu, alipopata komunyo ya kwanza tulichinja kuku. Tuliimba, tukacheza, na njaa ilikuwa kali, basi hatukungoja nyama iive. Karibu na mfupa ilikuwa bado nyekundu. Kesho yake tulipanga mstari mbele ya choo kimoja. Mwanangu, nilimwona mjomba wangu, yule wa Kifaransa kirefu, akimbembeleza Mado amwachie zamu!

Tukameza vidonge vya Kambo. Wapi! Mado alizidi kuharisha, macho yakaingia ndani, na mama akambeba mpaka kwa Sista wa zahanati.

Sista aliuliza tulimeza nini, na kuku walikunywa nini. Aliposikia, alishika kiuno, akatueleza habari ya vidudu vya tumbo.

"Mama, tududu twa tumbo tulikuwa zaifu, ile dawa ilitumaliza. Twenye nguvu njo tulibakia, tunazaa, tunaingia mu nyama na mu mikono yenu. Sasa muko natupiga na dawa yenye tulishazoea."

Yaani vidudu vyenyewe vilikuwa vimeizoea dawa ya Kambo. Akampa Mado maji ya sukari na chumvi, na dawa nyingine kwa kipimo chake, akasema asiikatize hata akianza kuruka kamba. Halafu, tukiwa mlangoni, akaongeza: "Na mwenye kuona damu mu choo, asimeze kidonge na kunyamaza. Akuje. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa kansa ya utumbo. Tukiiona mapema, docteur anaweza kuikata."

Mado akapona, na sisi wote. Kambo alisema naye amepona. Lakini mfuaji ni mimi. Damu niliiona katika suruali zake tangu kabla ya komunyo, na mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya. Niliogopa atakufa huku sote tunajua kunyamaza vizuri. Nilikwenda kumwambia mama, nikaishia kuomba chumvi.

Jumapili, baada ya misa, tulikuwa uani tunakula bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu. Mjomba akamchokoza: "Kambo, unakonda! Bibi yako hakupikii?"

"Huyu? Hata kinywa hana. Nilioa picha."

Wakacheka. Nikasimama, nikaenda nyuma, nikamkamata yule kuku mweusi, nikamweka miguuni pa Kambo. Kuku alipiga kelele kunishinda.

"Bwana yangu, mahari yako hii. Minye naachana."

"Aa! Juu ya nini?"

"Juu unanificha. Bibi njo anafua nguo ya bwana. Naona damu. Kama hauende kwa docteur kesho, chukua kuku yako, minye narudi kwetu."

"Kwenu wapi? Kwenu ni hapa!" mjomba akapiga kelele.

"Basi ni yeye atatoka," nikamjibu.

Walicheka mpaka mama akajifuta machozi kwa kitenge. Halafu kicheko kikaisha polepole, kila mmoja kwa wakati wake. Baba aliweka tonge chini. Alimwangalia kuku tu. Kambo akampapasa yule kuku shingo.

"Nilijisemea ni amibes, tule tududu twa tumbo," alisema. "Tumeishi nazo kama jirani." Kisha akainua kichwa. "Kumbe picha iko na kinywa! Sawa, kesho tunaenda. Lakini mahari sipokei."

Ilikuwa kansa kweli, ila docteur alisema haijatembea mwilini, ataikata. Hospitali haikuwa na kitu, na nyuzi za kushonea, glavu, mazutu ya jenereta, vyote tulitafuta wenyewe. Baba aliuza baiskeli yake. Sasa anaenda kazini kwa miguu, anapiga mluzi njia nzima.

Na Kambo alirudi! Alishuka kwenye taxi-bus mwembamba kama ufagio, akadai kwanza kuku, akanikabidhi tena mbele ya majirani, akasema ndoa imeanza upya. Mama alipiga vigelegele. Siku hizi kuku wanakunywa maji safi matupu, na Kambo ananung'unikia chumvi ya sombe kama mtu anayetaka kuishi sana.

Basi, mwanangu, pika kuku mpaka mfupani, nawa mikono. Dawa usinunue kwa kubahatisha, wala usimpe mnyama kwa kubahatisha, na ukipewa na anayejua, fuata alivyosema mpaka mwisho. Mwili wako ukitoa damu, sema. Ukiiona kwa mwenzako, sema, hata kama sauti inatetemeka. Yangu ilitetemeka.

Mungu akupe tumbo tulivu, nyumba yenye kicheko, na mtu anayekupenda kiasi cha kukurudishia kuku.