Bia Yangu Nyeusi na Mgeni wa Saa Nane

Anayesema huu ni uongo aje Nzuguni, hapa Dodoma. Nitampa kiti, nitampa glasi, kisha aniambie usoni. Sikusimuliwa na mtu, wala si mambo ya rafiki wa binamu wa jirani. Yamenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Na kabla hujauliza: hapana, sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekunywa mafunda mawili tu.

Kwanza unijue. Mimi ni mpishi wa pombe, mtoto wa mpishi wa pombe. Mama yangu alipika ujimbi, ile pombe yetu Wagogo ya uwele na mtama, pale Mkonze, na watu walitoka mbali kuifuata. Mimi nikaenda mbele zaidi. Nilifanya kazi miaka kadhaa Arusha, kwenye kiwanda kidogo cha bia za kutengenezwa kwa mkono, nikajifunza bia nyeusi, ile nzito isiyopitisha mwanga. Nikarudi nyumbani na wazo ambalo kila mtu alilicheka: bia nyeusi ya uwele wa Dodoma, ilale ndani ya pipa la mwaloni lililowahi kulaza mvinyo wa zabibu zetu wenyewe. Shemeji yangu wa Hombolo, anayefanya kazi ya mvinyo, ndiye aliyenipatia pipa. Alinipa huku akiniuliza kama nina homa.

Sikuwa na homa. Uwele niliukaanga kwa mkono wangu kwenye kikaango cha udongo mpaka ukawa rangi ya kahawa, nikapika, nikachachusha, nikamimina ndani ya pipa, nikalifunga. Likalala msimu mzima wa mvua na kiangazi chote. Siku ya kulifungua nilichagua Jumamosi makusudi, maana binti yangu Yudithi, ninayeishi naye wawili tu, anakuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Kama bia imeharibika, nilie peke yangu. Kama imefaulu, nijidai peke yangu kwanza, kabla ya kugawana sifa na watu.

Nikafungua koki. Ikatoka taratibu, nyeusi tii, na povu la rangi ya karanga. Nikanusa, nikanywa. Jamani! Kwanza ule uchungu wa nafaka iliyokaangwa, halafu zabibu kwa mbali, halafu mbao na kitu kama asali, na mwisho joto linashuka kifuani na kukaa hapo hapo kama limepangisha chumba. Nilipiga kigelegele, mwanamke mzima, peke yangu jikoni. Nilijua kwamba hapa kwetu hakuna aliyewahi kufanya kitu hiki, na aliyekifanya ni mimi. Unaita majivuno? Ita. Umewahi kupika nini wewe?

Ndipo nikasikia hodi.

Watu wanadhani mizimu inasubiri usiku. Nani kawaambia? Ilikuwa saa nane, jua linachoma mabati. Mlangoni alisimama bibi mmoja mwembamba, kajifunga kaniki. Kaniki, miaka hii! Upepo wa siku ile ulikuwa wa vumbi la kufumba macho, lakini miguu yake ilikuwa safi kama ametoka kuoga. Niliiona, niamini, na nikaipuuza. Aliyejaa furaha haoni vizuri.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Mbukwenyi," akajibu kwa Kigogo. "Nimesikia harufu ya pombe."

"Karibu. Unatokea wapi?"

"Huko chini," akasema, akaingia.

Kwetu mwenye pombe hunywa kwanza, ili mgeni ajue haina kitu kibaya. Nikanywa kidogo, nikajaza glasi, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa. Niliona koo lake likipanda na kushuka, tena na tena. Akafumba macho, akaanza kuitaja bia yangu kipande kwa kipande: uwele, kikaango cha udongo, mvinyo uliokuwamo zamani ndani ya pipa. Hata ule uwele wa mwisho niliouunguza kidogo nikaona uchungu kuumwaga, aliujua. "Na ndio uliokuokoa," akasema. "Bila huo ingekuwa tamu kupita kiasi."

Kisha akanitazama. "Mama yako hakufika kiwango hiki."

Ndugu msomaji, mama yangu alikufa bila kunisifu hata mara moja. Kila pombe niliyompelekea aliinywa akiangalia pembeni. Maneno yale nilikuwa nayasubiri tangu nikiwa binti wa kuchota maji, na sasa yananijia kutoka kwa mtu nisiyemjua, jikoni kwangu, taratibu na kwa hakika. Machozi yalinitoka. Nilijiona mkubwa kuliko nyumba.

Nikachukua glasi yake nimwongezee. Ilikuwa imejaa.

Nikakaa, nikaitazama vizuri. Haikupungua hata tone. Nikaionja kwa ncha ya ulimi. Ndani yake hamkuwa na bia tena. Rangi ilikuwa ile ile na povu lile lile, lakini haikuwa na ladha yoyote. Hata maji yana ladha. Ile ilikuwa kama kulamba kijiko kilichooshwa. Yeye alikuwa amekunywa kile kinachonywewa na walioko chini, akaniachia ganda.

Nilipoinua macho, alikuwa anafungua fundo kwenye pindo la kaniki. Akanyoosha mkono. Kwenye kiganja kulikuwa na uwele, konzi moja.

"Mpishi wetu amechoka," akasema. "Njoo utupikie."

Mgogo anayesoma hapa ameshaelewa. Anayetaka kupikiwa pombe huleta nafaka, na mpishi akiipokea mkononi amekubali. Akikubali, anakwenda huko huko kwao kupika. Na mimi, nisikufiche, mkono wangu ulikuwa umeshaondoka mapajani kwenda kupokea. Si uchawi uliouinua. Ni sifa tu. Nilikuwa nafikiri: kati ya wapishi wote wa nchi hii, wamenichagua mimi.

"Mko wangapi huko?" Swali la kazi hilo, lilinitoka lenyewe.

"Wengi," akasema. "Na hakuna anayeondoka."

Hapo mkono ukaganda. Ningeweza kusema bia si yangu, nimeinunua, mpishi ni mtu mwingine. Wewe ungesema, sivyo? Nilijaribu. Ulimi uligoma. Kuikana ile bia sikuweza, hata kwa kuokoa roho yangu. Nikarudisha mkono mapajani, nikamwambia lililokuwa kweli.

"Bibi, nimepika mimi. Lakini pombe yangu bado imo pipani. Mpishi haondoki akaacha pombe ndani."

Akalitazama pipa, akanitazama mimi. Akacheka, cheko la mtu anayeijua kazi.

"Kweli, haachi," akasema. "Basi ikiisha." Akafunga uwele wake kwenye pindo, akatoka. Nilipofika mlangoni, njia ilikuwa tupu mpaka barabarani.

Yudithi aliporudi nilimpa ile glasi bila kumwambia neno. Akaonja, akatema. "Mama, haya ni maji ya kusuuzia vyombo?" Nikamchotea nyingine kutoka kwenye pipa, akanywa, akakaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Ndipo nikajua sikuota.

Tangu siku hiyo pipa langu halijakauka. Nikitoa ndoo moja, naongeza ndoo moja ya mpya juu ya ya zamani. Na kwa sababu hiyo, kila mwaka bia inazidi kuwa nzuri, kwa hiyo nadhani huko chini hamu nayo inazidi. Watumishi wa serikali wanatoka Nkuhungu, upande wa pili wa mji, kuifuata. Kuna mwenye hoteli alitaka kulinunua pipa zima, nikakataa, akaondoka akisema nina kiburi. Ninacho. Ila si hicho kilichomnyima pipa.

Lakini sogea karibu, hili nalisema kwa sauti ya chini. Yudithi ameanza kupika bia yake mwenyewe. Jumamosi iliyopita alinionjesha. Ni bora kuliko yangu. Moyo wangu ulitaka kupasuka, nikatamani nipige kigelegele kitakachofika mjini. Nikaangalia pembeni, nikasema inakunywika. Mtoto aliingia chumbani akalia, nami nikamwacha alie.

Kwa hiyo ukija Nzuguni, kunywa ya Yudithi, futa mdomo, sema si mbaya, basi. Usimsifu kwa sauti, tutagombana mimi na wewe. Kama sifa zimekuzidi kifuani, nisifu mimi. Nisifu mpaka huko chini wasikie. Mimi nimeshaitwa.