Unalipia Boksi Tu

Sokoni walimwita Bi Povu, kwa ajili ya sabuni ya maji aliyouza kwenye madumu, na pia kwa ajili ya mdomo wake. Mteja akitaja sabuni ya dukani, yenye chupa ya kurembwa, Bi Povu alimcheka kwa huruma. "Ni ileile, mwanangu. Kule unalipia chupa tu." Aliyasema hayo kwa macho makavu, naye ndiye aliyeiongezea maji asubuhi.

Mikono ndiyo iliyomuumbua. Ukurutu ulimtoka vidoleni, ngozi ikachanika, na wateja wakaanza kutazama mikono kabla ya sabuni. Nani anunue sabuni kwa mtu ambaye inaonekana imemla? Watu wakahamia meza ya jirani. Bi Povu aliogopa, na hofu hiyo hakumwambia hata binti yake.

Daktari alimwandikia dawa ya kupaka, kwa jina lake la kibiashara. Tyubu yenyewe ndogo kama kidole, bei ikamtoa jasho. Mwanamke aliyebishania fungu la nyanya mpaka muuzaji akaomba radhi, hapa alilipa kimya kimya. Dawa, alidhani, haiulizwi. Ili isiishe upesi, aliipaka kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Tyubu ilidumu kweli, na ukurutu ukadumu nayo.

Aliporudi kununua ya pili, mfamasia, dada mpole aliyekuwa mteja wake wa sabuni, alimwekea maboksi mawili kaunta.

"Mama, hii nyingine ni robo ya bei. Dawa ni ileile. Kule unalipia boksi tu."

Bi Povu akaguna. Maneno hayo ndiyo yaliyomlisha miaka yote. "Nipe ile ghali, mwanangu. Sinunui mbuzi kwenye gunia."

"Basi soma hapa, chini ya jina kubwa. Jina la dawa yenyewe, na nguvu yake. Si sawasawa? Daktari wako nimeshampigia, amekubali. Na unapakaje?"

"Kwa njiti."

"Kwa njiti! Mama, hiyo ni kununua dawa ya kuitazama. Paka ya kutosha, kama alivyoandika. Na kazini uvae glavu."

"Na nitajuaje hamkuitia maji?" Bi Povu akaropoka.

Mfamasia alishangaa kweli. "Nani afanye jambo kama hilo? Mbona mimi sabuni yako nachukua bila kuuliza?"

Bi Povu alichukua ya bei nafuu, akaondoka ameinama.

Wiki tatu baadaye ngozi ilikuwa imefunga, na wateja wamerudi. Mfamasia naye akaja na chupa yake tupu.

"Nijazie, mama. Ni ileile, eh?"

Bi Povu aliona aibu mpaka masikioni. Akaliacha dumu la mezani, akainama, akavuta lile la chini, lisiloongezwa maji, alilojiwekea kwa kufulia nyumbani kwake.

"Leo," alisema, "ni ileile."