Waliokatazwa Kusema Wana Njaa

Siku nilipochukuliwa nilikuwa napalilia ulezi wetu kule Ilomba, nikimnung'unikia mke wangu kwa kuchelewesha uji. Jumbe alikuja na askari wa boma, akasema Mfalme wa Uingereza ana vita. Hivyo ndivyo nilivyofika Burma, pamoja na Kihwele, Mhehe wa Iringa tuliyezoeana naye mafunzoni.

Tuliambiwa Wajapani hawashindiki. Mtawala wao akisema neno moja, nchi nzima inasimama. Niliamini, mpaka tulipomkuta askari wao ameketi kwenye mianzi, mvua inamnyeshea. Bunduki yake ilikuwa safi, inang'aa. Miguu yake ilikuwa kama fito, naye alikuwa anatafuna majani.

Kihwele alimpa biskuti. Mkalimani wa kikosi chetu akamuuliza mbona hawakuwaambia wakubwa wao kwamba chakula kimekwisha.

"Aliyesema aliitwa mwoga, akapigwa," alijibu. "Jenerali alishasema wali tutaukuta kwenye kambi zenu tukiziteka."

Nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Dola yenye ndege na manowari, na hakuna hata mmoja wa kumwambia mkubwa kwamba watu wana njaa!

Bondeni alikuwepo Mjapani mwingine, anaugulia.

"Usiende," nilimwambia Kihwele.

"Anaomba maji, ndugu yangu."

Akashuka na chupa yake.

Yule mtu alikuwa amefundishwa kwamba kutekwa ni aibu kubwa kuliko kufa. Alingoja Kihwele ainame.

Bomu la mkono likawachukua wote wawili.

Miaka ya hamsini nilipata kazi ya kuendesha lori kati ya Mbeya na Iringa, nikamtafuta mama yake Kihwele. Wakati huo Mzungu mmoja wa boma alikuwa ameshatuhutubia sisi askari wa zamani, eti tulishinda kwa ushujaa. Uongo mtupu! Wale walikuwa mashujaa kutuzidi. Walishindwa kwa sababu ukweli ulikatazwa kupanda juu, ukafia huko chini pamoja nao.

"Kamwene, mama," nilimsalimu, nikamsimulia yote.



"Huyo jenerali," akauliza, "naye alikufa njaa?"

"Sijui, mama. Lakini wakubwa wao hatukuwakuta porini."

"Basi mwanangu ameuawa na mtu aliyeshiba."

Hakulia mbele yangu. Aliinuka, akaingia ndani, akarudishia mlango taratibu. Nikabaki nimesimama uani, kofia mkononi.