Maswali ya Baba Ngarawani

Juzi, Mangapwani, nilimsikia mwalimu akiwafundisha watoto vitu vya ngarawa: omo ni mbele, tezi ni nyuma, demani ni kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga. Papo hapo ikanijia harufu ya mafuta ya papa yaliyopakwa ngarawa yetu.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, baba alinipakia kwa sharti moja: nikikosea, ananirudisha kwa mama.

"Shika demani. Tanga limejaa?"

"Limejaa, baba."

"Omo inaelekea wapi?"

"Kwenye jiwe jeupe."

"Na mbele yetu kuna nini?"

"Mashua, inakuja. Kwani huioni?"

"Nnakuuliza wewe, mwanangu."

Akageuza usukani, tukaipisha. Nilisikia maji yakipiga ubavuni, nikajiona nimefaulu mtihani.

Leo najua kwamba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alimficha kila mtu asije akazuiwa kwenda baharini. Tuliposhuka aliniwekea mkono begani, akatembea nao hapo mpaka mlangoni kwetu.

Nilidhani ananipongeza.