Mjomba Alipokunywa Lambo

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii naibeba tangu miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa korosho walipofurika Newala na karani wao mmoja, Hassani wa Tandahimba, akanipenda, nami nikampenda kupita kiasi.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara kwenye mradi wa malambo, napima ukubwa wa chembe za tope linalojaza lambo la Mkunya. Chembe kubwa unazichekecha, zile laini zinazopita unazitia kwenye chupa ndefu ya maji na sabuni ya unga kidogo zisigandane, unaangalia zinavyozama, kisha unaunganisha majibu ya njia zote mbili. Chupa haitaki kutikiswa, na mlango wa ofisi ulikuwa unabamizwa kutwa, basi nikajifanya mjanja, nikaipeleka nyumbani, nikaiweka karibu na mtungi. (Mama sikumwambia. Alishasema kupima matope si kazi.)

Sasa mnajua maji yetu huku juu: yakitoka lamboni unayaacha yatulie, unamimina ya juu, hayo ndiyo ya mgeni. Kesho yake wakaja watu wa Hassani kuleta posa, wakiongozwa na mjomba wake, ambaye akikataa, basi tena. Mimi nimekaa chumbani, binti mwenye haya, nachungulia penye pazia, namwona mama anamimina kutoka kwenye chupa yangu!

Mjomba akapiga funda refu. Akapaliwa. Povu likamtoka puani.

Haya zangu zikaishia hapo. Nikatoka mbio na kanga moja, nikapiga kelele, "Mama, sampuli yangu!" (Sampuli, jamani. Si mjomba.)

"Binti," mjomba akasema, anafuta ndevu, "nimekunywa nini?"

"Shikamoo mjomba. Tope la lambo na sabuni kidogo. Lakini usiogope, mchanga mkubwa nilishauchekecha."

Mama akajifunika uso kwa sinia. Nikajua Hassani ndiyo basi.

"Marahaba," mjomba akajibu, kisha akacheka mpaka povu likarudi. "Huyu hajui kudanganya. Tunamchukua."

Nikaolewa. Ripoti niliipeleka na majibu ya chekeche tu, mengine yalikuwa tumboni mwa mkwe. Nimeapa, kazi ya ofisi hailali kwangu tena. Mjomba ananiamini kwa kila kitu, ila hadi leo akija kututembelea, anakuja na kidumu chake cha maji.